Vidonge vya Akwi

Sketi ya Loyce Akwi ilimvuka sokoni Busia siku ya soko, saa ambayo watu wamejaa hata mbuzi hawana pa kupita.

Haikuanguka yote. Ilishuka hadi mapajani, naye akaidaka kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umekumbatia kitambaa alichotoka kununua. Ilikuwa sketi ya kazini, ya bluu iliyokoza, iliyoonekana kama imeshonewa mtu mnene kumliko yeye. Juu alivaa blauzi nyeupe yenye kola ndogo, na nywele zake alikuwa amezinyoosha kwa chanuo la moto zikalala nyuma vizuri. Wauza samaki walikwisha kuanza kucheka.

"Dada, simama hapo hapo. Usitembee."

Sauti ilitoka barazani kwa duka la Kanji, ambako mafundi watatu walikaa na cherehani zao. Fundi wa katikati, Phanuel Egesa, aliruka ngazi akiwa na pini mdomoni na kitenge cha mteja mkononi. Alimzungushia kile kitenge bila kumgusa, akamtangulia hadi barazani, kisha akageuka akatazama ukuta mpaka aliposikia sketi imepanda.

"Nani alikushonea mfuko huu?" akauliza.

"Si mfuko. Mwezi wa pili ilinitosha kabisa."

"Basi umeugua."

"Sijaugua." Akwi alijibu upesi. "Weye fundi, shona. Wauliza maswali kama polisi."

Phanuel alicheka, akaipunguza sketi pande zote mbili. Kiasi alichokata kilimshangaza. Bwana Kanji alileta chai na mandazi, kwa kuwa mteja aliyeaibika sokoni hurudi akitendewa wema. Akwi alikunywa maji matupu. Andazi alilivunja vipande vidogo akavisogeza ukingoni mwa sahani. Macho yake yaling'aa, mguu wake haukutulia chini ya meza, na alizungumza kama mtu anayekimbizwa: kwamba yeye ni Mteso wa Tororo, upande wa Uganda, kwamba ni opereta wa simu posta ya huko, kwamba anaishi chumba kimoja na mwenzake wa kazini aitwaye Acen, na kwamba Kiswahili chake watu wa Kenya hukicheka lakini wakitaka simu ya Kampala humwita nyabo, bibi wa heshima.

Alipoondoka aliitazama simu nyeusi iliyokaa kwenye kaunta ya Kanji.

"Hiyo yafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi kesho ikilia usishangae."

Ililia kabla ya adhuhuri.

"Hapa Tororo. Kuna simu ya Fundi Egesa."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa opereta mwenyewe. Opereta auliza kama fundi ana mke."

"Fundi ana cherehani tu."

"Cherehani haipiki."

"Wewe pia nimekuona, huli. Sijui kama unapika."

Akwi akacheka, halafu sauti yake ikawa ya kazi ghafla, "Endelea Mbale, endelea," kisha ikarudi laini. "Nimekuja. Usikate, mpenzi, nina bodi nzima ya simu hapa."

Alikuwa amemwita mpenzi siku ya pili. Phanuel alirudi kwenye cherehani akashona mguu wa suruali kwenye mkono wa koti.

Ilikuwa mwaka wa 1965, na watu walivuka mpaka kwenda shambani na kurudi bila kufikiri kwamba wametoka nchi moja wakaingia nyingine. Kila Jumapili baada ya ibada Phanuel alipanda basi kwenda Tororo na suti yake ya kijivu. Akwi alimpokea kituoni na gauni la maua na viatu vya kisigino, wakatembea hadi chini ya ule mwamba mkubwa unaouinamia mji, vumbi la kiwanda cha saruji likiwatua mabegani. Hakuchoka kutembea wala kusema. Lakini hakula. Phanuel alimletea samaki wa kukaanga kutoka ziwani, akaonja kipande kama kidole. Alimletea muhogo, akampa Acen.

"Chakula changu unakidharau?" alimuuliza siku moja chumbani kwao, Acen akiwa anapiga pasi pembeni.

"Nimeshiba kwa kukuona, Fundi."

Kwenye kimeza palikuwa na bahasha ndogo ya kaki. Phanuel aliigusa, vikatoka vidonge: vya waridi, vya manjano, na kimoja cheupe, kidogo kama punje ya mtama.

"Vya nini?"

"Vya kichwa. Simu zapiga kelele sikioni kutwa." Akavirudisha upesi kwenye bahasha, na Acen akainamisha macho kwenye pasi.

Phanuel aliliona lile jicho la Acen. Alilibeba hadi Busia ndani ya basi, akalala nalo.

Hata hivyo mwezi wa saba alimwomba amuoe, na Akwi akakubali bila kuringa. Waliamua harusi ifanyike Desemba, kanisani Busia. Tangu hapo mambo yakageuka kwa namna ambayo Phanuel hakuielewa.

Kwanza simu zilipungua. Zikawa mbili kwa wiki, kisha moja, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa.

"Mbona umenyamaza siku hizi?"

"Nachoka tu. Nikitoka kazini nalala."

"Unalala wapi?"

"Swali gani hilo, Phanuel?"

Kisha akaanza kula. Jumapili moja alimaliza samaki mzima, akachukua na kipande cha Phanuel, na fundi akafurahi mpaka alipomwona akishika kifua walipopanda kilima kidogo ambacho zamani alikipanda akiimba. Alisimama njiani, mkono kwenye titi la kushoto, akivuta pumzi kwa mdomo.

"Ni nini?"

"Si kitu. Jua."

Hakukuwa na jua.

Mwezi wa tisa alikuja Busia kupimwa gauni la harusi, la setini nyeupe yenye mikono mirefu. Shangazi Nereah, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka huko Masafu na ndiye aliyemlea Phanuel baada ya mama yake kufa, alikuwepo amekaa kwenye kiti cha mteja. Phanuel alizungusha futi kiunoni mwa Akwi. Akaizungusha tena. Mwezi uliopita alikuwa amekata kitambaa kwa kipimo kingine kabisa. Hakusema neno. Alichukua kiwembe akaanza kufumua mshono.

Kimya hicho ndicho kilichomuumiza Akwi. Alizoea mzaha wa Phanuel, na siku hiyo mzaha haukuja.

Alipokwenda nyuma kuvua gauni, shangazi aliinama.

"Mwanangu, huyu ana mtu tumboni."

"Shangazi, hatujawahi."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Angekuwa wako nisingesema, ningenunua nepi."

Pazia lilikuwa jepesi. Akwi aliyasikia yote. Alitoka amevaa, akaaga kwa heshima, akapiga goti kidogo mbele ya shangazi kama desturi, akaenda kungoja basi peke yake.

Kweli Akwi alificha jambo, ila halikuwa mimba. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa ameomba kazi ya kuhudumia abiria kwenye ndege. Walipenda sauti na Kiingereza chake, wakampandisha kwenye mizani, wakamwambia arudi akiwa mwepesi. Huko kwao hakuna msichana aliyewahi kuambiwa apungue. Mama yake angelia. Akaelekezwa kwa Bwana Ikwap, aliyeuza dawa nyumbani kwake nyuma ya soko la Tororo, akaanza kumeza vidonge vya rangi asubuhi na adhuhuri. Njaa ikapotea, usingizi ukapotea, sketi ikamvuka sokoni. Alipochumbiwa alisema ndege ziende zake. Siku hiyo hiyo alivitupa vidonge chooni, vyote kwa pamoja, na hakumwambia Phanuel, kwa sababu aliogopa kwamba msichana aliyependwa pale barazani alikuwa ametengenezwa na Ikwap.

Mwili ukarudi mbio. Uliupita hata ule wa zamani, miguu ikavimba jioni, na moyo ukaanza kumfanyia vituko: unapiga, unanyamaza, halafu unapiga mara mbili kwa pamoja kama mtu anayejikwaa.

Sasa alikuwa amesikia maneno ya shangazi. Kesho yake baada ya kazi alirudi kwa Ikwap.

Hakujua kuwa Phanuel amefunga cherehani siku hiyo akapanda basi. Fundi alijibanza kwenye duka la baiskeli mkabala na posta, akamwona Akwi akitoka, akamfuata kwa mbali kupitia sokoni. Akwi aliangalia nyuma mara mbili kabla ya kupinda uchochoroni. Kulikuwa na mlango wa bati uliopakwa kijani. Aligonga, mkono wa mwanamume ukamfungulia, mlango ukafungwa. Alikaa ndani muda wa kutosha mtu kunywa chai. Alipotoka alikuwa anaingiza kitu kifuani mwa blauzi.

"Nyumba ile ni ya nani?" Phanuel alimuuliza muuza karanga.

"Ya Ikwap. Wasichana wa mjini wote wamjua." Muuza karanga akacheka, na Phanuel akaelewa kicheko hicho kwa namna yake.

Alivumilia wiki mbili. Katika wiki hizo Akwi alianza tena kupiga simu kila siku, akisema harakaharaka kama zamani, na kila neno tamu lilimchoma fundi kama uongo. Mwishowe hakuweza.

"Hapa Tororo. Mpenzi wangu yupo?"

"Nataka kukuuliza jambo moja," Phanuel alisema. Bwana Kanji alikuwa kando, akajifanya kupanga soksi. "Mimba ni ya Ikwap?"

Waya ulivuma. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengine, Jinja, Mbale, mtu akiulizia bei ya pamba.

"Umenifuata," Akwi alisema.

"Nilikuona kwa macho yangu."

"Uliniona, hukuniita?"

"Nijibu kwanza."

Akwi alichomoa waya. Phanuel alibaki na chombo sikioni, na kwa mara ya kwanza akakumbuka kwamba yule mwanamke ndiye aliyeishika njia yote kati ya Busia na Tororo, na akitaka kuifunga hakuna wa kumfungulia.

Jioni ile Akwi alivitupa vidonge mara ya pili. Alimwambia Acen hatamnenepea wala kumkondea mwanamume yeyote tena. Acen alifurahi. Hakuna aliyejua kwamba kuviacha kwa ghafla, mara ya pili, kulikuwa na madhara yake.

Simu ya Kanji ililia Ijumaa asubuhi. Ilikuwa sauti ya Acen, na haikuwa na salamu.

"Fundi, Akwi ameanguka hapa kazini. Alikuwa akiunganisha simu ya Nairobi, akaegemea bodi kama anayesinzia. Midomo imekuwa ya majivu. Tumempeleka hospitali. Kama ulimpenda hata kidogo, njoo."

Basi lilikwenda polepole kuliko siku zote. Njiani Phanuel alifikiri mimba imeharibika, akajiona mpumbavu kwa kulia njia nzima kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine.

Daktari Ilukor alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi kidogo, mpole wa maneno. Alimkuta Phanuel mlangoni mwa wodi.

"Wewe ni mume?"

"Tulikuwa tuoane."

"Je, unajua anatumia dawa gani? Anasema hatumii kitu. Moyo wake unaniambia mengine. Unakimbia, unakosa mapigo, presha iko juu."

"Daktari, si mimba?"

"Mimba ipi? Hakuna mimba yoyote."

Phanuel aliingia. Akwi alilala ameinuliwa kwa mito, shuka hadi shingoni, uso umevimba, na shingoni mshipa ulionekana ukirukaruka bila mpango. Acen alikuwa ameshika mkono wake.

"Mwambie," Acen alimwambia Akwi. "Usipomwambia wewe nitasema mimi. Nimechoka kuinamisha macho."

Akwi aliitazama dari. Akasimulia, kwa sauti ndogo, akisimama kila mara kutafuta pumzi: ndege, mizani, Ikwap, choo, kipimo cha gauni, pazia. Hakulia. Alipofika kwenye pazia Phanuel alikaa chini sakafuni, suti na yote.

"Vidonge vyenyewe viko wapi?" daktari aliuliza.

"Nimetupa."

"Nahitaji kujua vina nini. Nikimpa dawa kwa kubahatisha naweza kumuua."

Phanuel aliinuka akatoka.

Mara nyingi kichwani mwake alikuwa amekwisha kuuvunja ule mlango wa kijani na kumpiga mtu aliyemo. Sasa aliubisha taratibu. Aliyemfungulia alikuwa mzee aliyepinda mgongo, miwani imefungwa kwa uzi, na nyuma yake mkewe alikuwa akibangua karanga kwenye ungo. Chumba kilinuka spiriti na sabuni.

"Bwana Ikwap?"

"Ndiye. Nani amekutuma? Serikali?"

"Nimetumwa na mgonjwa. Loyce Akwi, wa simu. Ameanguka. Daktari anataka kuona vidonge ulivyompa."

Mzee alimkagua kutoka viatuni hadi kichwani.

"Wataka kunifunga."

"Nataka apone. Ukikataa nitapiga magoti hapa hapa, mama huyu aone."

Mkewe aliacha karanga. Alisema kitu kifupi kwa Kiteso bila kuinua sauti. Ikwap alisimama kidogo, kisha akashusha kutoka rafuni makopo yaliyobandikwa karatasi za kiwandani.

"Waliokunywa wote walikonda," alisema, kama anayemuuliza Phanuel. "Hakuna aliyerudi kunilalamikia."

"Waliacha salama?"

Mzee akamkabidhi makopo. Hilo hakuwahi kulifuatilia.

Daktari Ilukor aliyasoma makopo moja moja karibu na dirisha, na uso wake ukakaza.

"Hiki cha waridi kinaua njaa, na kinaupiga moyo viboko. Hiki cha manjano kinakamua maji mwilini, na maji hutoka pamoja na chumvi ambazo moyo hauwezi kwenda bila hizo. Na hiki cheupe ni dawa ya moyo yenyewe. Mimi humpa mzee ambaye moyo umechoka, tena namchunga. Nadhani kiliwekwa ili asisikie mbio za hicho cha kwanza."

"Lakini alikuwa ameacha," Phanuel alisema.

"Aliacha, akaanza, akaacha. Kila mara ghafla. Kilo zimerudi zote kwa pamoja, maji yamerudi, presha imepanda nazo, na moyo uliokuwa umezoea kuendeshwa umeachwa barabarani bila dereva. Watu hudhani ukiacha kidonge, hatari imekwisha siku hiyo. Angekuja kwangu tukampunguzia kidogo kidogo, nikimsikiliza kifua."

"Atapona?"

"Sasa najua pa kuanzia. Hilo ndilo ninaloweza kusema leo."

Siku za kwanza Akwi hakuongea naye. Alimruhusu amletee ndizi na uji usio na chumvi, kama alivyoagiza daktari, lakini akageukia ukutani. Phanuel alikaa kwenye benchi nje. Jumatano Akwi alisema, "Fundi. Ingia."

Aliingia, akasimama.

"Mimi nilificha, ni kosa langu. Lakini weye ulikuwa na mdomo. Ulishika futi, ukashika kiwembe, ukashika basi kuja kunivizia kama mwizi wa kuku. Kuniuliza tu, 'Akwi, una nini?' hukuweza?"

"Niliogopa jibu."

"Na leo je? Umekuja kwa mapenzi ama kwa huruma? Maana mimi pia nina macho sasa. Nakushuku."

Phanuel akaondoka, lakini hakwenda Busia. Alikwenda Masafu.

Kesho yake Shangazi Nereah aliingia wodini na kitambaa kipya kichwani na kuku hai kwapani, ambaye muuguzi alimnyang'anya mlangoni. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo lisiloruhusiwa.

"Mwanangu, nilisema vibaya juu yako," alisema. "Nilisema mbele ya mtu mmoja, nimekuja kuyarudisha mbele ya wodi nzima." Na aliyarudisha kweli, kwa Kisamia cha kwao na Kiswahili, wagonjwa wote wakisikia, mpaka Akwi akamwomba anyamaze kwa kuwa kucheka kulimuumiza kifua.

Shangazi alipokwenda, Phanuel aliletewa kiti, na Akwi mwenyewe akamwonyesha akae.

"Daktari amekwambia?" alimuuliza.

"Ameniambia."

"Kwamba mtoto hapana sasa. Labda mwaka, labda miaka. Labda hapana kabisa. Kwamba lazima nije kila mwezi kusikilizwa. Kwamba nitakuwa mnene, na nikijaribu tena kukonda kwa haraka nitakufa. Shangazi yako ataka wajukuu."

"Shangazi hanioi mimi."

"Usinichekeshe, nimesema. Harusi ya Desemba siitaki."

"Sawa."

"Na Busia sihamii kabla moyo haujatulia."

"Nimekwisha kuzungumza na mwenye duka hapa, karibu na stesheni. Ana baraza. Ataniachia mahali pa cherehani."

Akwi alimtazama muda mrefu, akitafuta uongo mahali fulani usoni mwake. Nje mkokoteni wa maziwa ulipita, na mtu alikuwa akimwita muuguzi.

"Na kama hautatulia?"

"Basi tutakaa nao hivyo hivyo, haujatulia."

Kisha akajifunua shuka, akashusha miguu iliyovimba hadi sakafuni, akanyoosha mkono.

"Daktari amesema nitembee hadi mlangoni na kurudi, taratibu. Nishike. Na nikisimama njiani, uniulize kwa nini."

Walisimama kabla ya kitanda cha tatu.

"Kwa nini umesimama?" Phanuel akauliza.

"Moyo umekosa pigo moja," Akwi alisema, kiganja kifuani. Alingoja, naye akangoja pamoja naye. "Haya. Umerudi. Twende."